Neno moja, "alpine": kisa cha iPhone zilizovamiwa Novemba 2009

Mwanzoni mwa Novemba 2009, watu kadhaa nchini Australia walitoa iPhone zao mfukoni na kukuta kioo kina sura ya mtu ambaye wao hawakumweka. Alikuwa Rick Astley, mwimbaji Mwingereza aliyevuma miaka ya 1980, na kwenye picha hiyo paliandikwa mzaha wenye jina "ikee". Hawakuwa wamebofya kiungo chochote wala kupakua faili. Simu ilikuwa imetulia mfukoni, bando likiwa wazi kama siku zote, na kirusi kikaingia chenyewe kupitia mtandao wa simu, kikabadilisha picha, kisha kikaanza kutafuta simu ya jirani.

Kilikuwa kirusi cha kwanza kujieneza chenyewe kati ya iPhone na iPhone. Kiliziacha salama iPhone ambazo hazijaguswa na kuzipata zile tu zilizofanyiwa jelibreki, yaani zilizovunjwa vizuizi vya Apple, na hata hizo si zote. Hapo ndipo kisa kinaponivutia. Kila anayetaka kufanya jelibreki huuliza zana ipi ni nzuri na kama simu itakufa. Ni maswali ya haki, lakini simu za Australia hazikufa, na zana zilizotumika zilifanya kazi yake barabara. Shida ilitokana na jambo dogo lililopaswa kufanywa dakika tatu baada ya kazi kwisha, ambalo karibu hakuna aliyelifanya.

Turudi nyuma kidogo. iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuwa na duka la programu. App Store ilifunguliwa Julai 2008. Kunakili maandishi na kuyabandika mahali pengine kulikuja Juni 2009, miaka miwili baada ya simu yenyewe. Ukiwa na iPhone 3G hukuweza kurekodi video wala kuweka picha yako nyuma ya aikoni, na mara nyingi simu ilifungwa kwa kampuni moja ya simu. Watu walikuwa wamenunua kifaa cha bei kubwa wakakuta nusu ya vyumba vyake vimefungwa na ufunguo umebaki kwa muuzaji. Mimi siwalaumu hata kidogo kwa kuvunja.

Na kuvunja maana yake nini hasa? Mfumo wa iPhone huweka kila programu ndani ya chumba chake, isiweze kusoma mali ya mwenzake, na hukataa kuendesha programu yoyote isiyo na saini iliyoidhinishwa na Apple. Juu ya vyote yupo mtumiaji mkuu, anayeitwa root, ambaye anaweza kusoma na kufuta chochote. Mwenye simu hapewi nafasi hiyo. Jelibreki hutafuta kasoro katika mfumo, ikaitumia kuondoa sharti la saini na kumrudishia mwenye simu mamlaka ya root. Ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake pia, kwa sababu mlango unaokupitisha wewe haukujui kwa sura.

Mwaka 2009 zana zilikuwa chache na zenye majina yanayojulikana. Kikundi cha iPhone Dev Team kilitoa PwnageTool na redsn0w. Oktoba mwaka huo George Hotz akatoa blackra1n, iliyofanya kazi kwa kubofya kitufe kimoja na kusubiri muda mfupi. Ukimaliza ulipata Cydia, duka lililoanzishwa na Jay Freeman mwaka 2008, lenye programu ambazo Apple isingezikubali. blackra1n ni muhimu katika kisa hiki kwa sababu kabla ya zana za aina yake, aliyefanya jelibreki kwa kawaida alikuwa na uelewa kidogo wa Unix, mfumo wa kompyuta unaoendeshwa kwa kuandika amri. Baada yake, hata mtu ambaye hajawahi kuandika amri moja kwenye kompyuta aliweza. Maarifa ya kuingia yalishuka bei haraka mno, na maarifa ya kujilinda yakabaki palepale.

Ndani ya Cydia kulikuwa na kifurushi kinachoitwa OpenSSH. SSH ni njia ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali: unakaa kwenye kompyuta, unaandika anwani ya simu na nenosiri, na kuanzia hapo unaiamuru simu kana kwamba umeishika. Watu waliipenda kwa kuhamisha faili, kubadilisha mwonekano wa mfumo na kurekebisha kilichoharibika. Miongozo mingi ya wakati ule iliiweka miongoni mwa hatua za mwanzo: sakinisha OpenSSH, ingia kwa jina root, nenosiri ni alpine, nakili faili hili, umemaliza.

Nenosiri ni alpine. Apple ndiyo iliyoliweka neno hilo kwenye kila iPhone, kwa akaunti zote mbili za ndani, ya root na ya mtumiaji wa kawaida anayeitwa mobile. Katika simu isiyovunjwa halina madhara, maana hakuna mlango wa kulitumia. Ukisakinisha OpenSSH umetengeneza mlango, na ufunguo wake dunia nzima inao.

Hata hivyo ilihitajika kasoro ya pili ili kirusi kiweze kutembea. Baadhi ya kampuni za simu za wakati ule zilimpa kila mteja anwani ya IP iliyo wazi, yaani namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao, na simu moja iliweza kuifikia simu nyingine ndani ya mtandao uleule bila kizuizi. Ukijua anwani zinaanzia wapi na kuishia wapi, unaagiza kompyuta ijaribu moja baada ya nyingine: kuna SSH hapa? Alpine inakubali? Kazi ya usiku mmoja.

Mtu wa kwanza kujulikana kufanya hivyo hakuwa wa Australia. Mwanzoni mwa mwezi huohuo wa Novemba, kijana mmoja wa Uholanzi alipekua mtandao wa T-Mobile wa nchi hiyo, akazipata iPhone zilizo wazi na kuweka kwenye vioo vyao ujumbe kwamba simu imevamiwa, na maelekezo ya kujikinga yatapatikana kwa takriban euro 5. Lawama zikamwangukia, akaomba radhi na kuyatoa maelekezo bure. Maelekezo yenyewe yalikuwa ya mistari michache: badilisha nenosiri.

Siku chache baadaye ndipo ikee ikatokea Australia. Aliyeiandika, kijana wa miaka 21 kutoka Wollongong, alijitokeza hadharani na kusema alitaka kuwaonyesha watu uzembe wao. Kirusi chake kilipekua anwani za mitandao ya simu ya huko, kikaingia kwa alpine, kikabadili picha, kisha kikaiondoa huduma ya SSH kwenye simu kilimoingia. Yaani kilifunga mlango nyuma yake, mwingine asipite. Wapo waliocheka na kusema kijana amewatendea watu wema. Mimi sikubaliani nao. Aliingia kwenye simu za watu bila ruhusa, na alipoonyesha njia hadharani, waliomfuata hawakuja na picha za mwimbaji.

Tarehe 11 Novemba kampuni ya usalama ya Intego ilitangaza kuwapo kwa programu ya kompyuta inayotafuta iPhone za namna hiyo na kunakili kimyakimya barua pepe, majina na namba za watu, ujumbe, picha na kalenda. Hiyo haikubadili chochote kwenye kioo. Mwenye simu hakuwa na namna ya kujua. Fikiria mtu amekaa mkahawani na kompyuta yake, nawe unakunywa kahawa meza ya pili huku simu yako ikimkabidhi kila kitu.

Kabla mwezi haujaisha kikaja kirusi kingine, ambacho watafiti walikiita Duh au Ikee.B, na hiki kilikuwa cha wezi. Kilitumia njia ileile ya alpine, lakini kikalenga anwani za nchi kadhaa, Uholanzi na Australia zikiwemo. Kikishaingia kilibadilisha nenosiri la root, mwenye simu asiweze tena kuingia kwenye simu yake kwa njia hiyo. Mtafiti wa kampuni ya Sophos ilimbidi alivunje nenosiri jipya ndipo wenye simu wapate kuingia tena. Kilikuwa kikiwasiliana na seva iliyoko Lithuania kupokea maagizo mapya, na wateja wa benki ya ING ya Uholanzi waliokuwa wakifungua ukurasa wa benki kwa simu walipelekwa kwenye ukurasa bandia unaofanana na ule halisi.

Benki nyingi za Ulaya wakati ule zilikuwa zikituma namba ya kuthibitisha muamala kwa ujumbe mfupi, kama benki zetu zinavyofanya hadi leo. Ulinzi huo unategemea vitu viwili kuwa mahali tofauti: nenosiri unalijua wewe, namba inakuja kwenye simu. Simu ikishakuwa ya mwizi, na wewe ukaingia benki kwa simu hiyohiyo, vitu viwili vimekuwa kimoja. Taarifa za wakati ule zilizungumzia mamia ya simu, si maelfu, na ushauri ulikuwa mmoja: irejeshe simu katika hali ya kiwandani kupitia iTunes, programu ya Apple ya kwenye kompyuta, uanze upya.

Sasa lawama iende wapi? Apple ilisema jelibreki ndiyo iliyowaponza, na ni kweli kwamba ambaye hakuvunja hakupata. Jibu hilo halinitoshi. Maelfu walivunja bila kusakinisha OpenSSH, na hawakupata. Wengine waliisakinisha wakabadilisha nenosiri siku hiyohiyo, nao hawakupata. Kampuni za simu ziliacha simu za wateja zionane uso kwa uso. Lakini mkono mzito zaidi nauona kwa sisi tunaofundisha na kufanya kazi hii: tuliandika "nenosiri ni alpine" tukaweka nukta, wakati sentensi iliyofuata ilipaswa kuwa namna ya kulibadilisha. Mtu aliyebofya kitufe kimoja cha blackra1n angejuaje kuwa kuna sentensi inayokosekana?

Na sentensi yenyewe si ndefu. Unafungua programu ya terminali, ile ya kuandikia amri, kwenye simu, unaandika su, unaweka alpine, kisha unaandika passwd. Mfumo unaomba nenosiri jipya mara mbili. Unapoandika hakuna nyota wala nukta zinazotokea, kioo kimekaa kimya kana kwamba herufi haziingii, na wengi hudhani kimekwama wakaghairi hapo. Kinachokosewa zaidi ni kwamba ukishamaliza umebadilisha ya root tu. Inabaki akaunti ya mobile, ambayo nayo ni alpine, na faili za ujumbe wako, picha na majina ya watu ziko chini ya huyo mobile. Lazima uandike passwd mobile na kurudia. Nimekutana na simu nyingi zilizofungwa mlango wa mbele huku wa uani ukiwa wazi.

Utasema hayo ni ya 2009. Tuje sasa.

Tarehe 27 Septemba 2019 mtafiti anayejiita axi0mX alitangaza checkm8, kasoro iliyo ndani ya programu ya kwanza kabisa inayowasha iPhone. Sehemu hiyo imechongwa kwenye chipu kiwandani, haiandikwi tena, kwa hiyo Apple haiwezi kuiziba kwa kusasisha mfumo. Inazigusa chipu kuanzia A5 hadi A11, yaani iPhone 4S hadi iPhone X. Kwa soko la Afrika Mashariki hilo lina uzito, kwa sababu simu za umri huo bado zipo mikononi mwa watu, nyingi zikiwa zimekuja zikiwa zimeshatumika, za Dubai na kwingineko. Juu ya checkm8 zikajengwa zana mbili kubwa: checkra1n, iliyotoka Novemba 2019, na baadaye palera1n kwa simu zenye iOS (mfumo wa iPhone) toleo la 15 na kuendelea. Zote huendeshwa kutoka kwenye Mac au Linux, simu ikiwa katika hali ya DFU, ambamo inasikiliza kompyuta kabla mfumo wake haujawaka, kioo cheusi tii, waya umechomekwa. Waya wenye kichwa cha USB cha zamani, kile kipana, hausumbui sana kama wa USB-C. Jelibreki ya aina hii haidumu ukizima simu: ikiwaka inarudi ya kawaida, na kuipata tena ni lazima kompyuta.

Matapeli walikuwa na mwendo wa kasi kuliko watengenezaji. Oktoba 2019, kabla checkra1n ya kweli haijatoka, watafiti wa Cisco Talos walikuta tovuti yenye jina linalofanana nayo, tofauti ikiwa herufi i mahali pa tarakimu 1. Iliahidi kufanya jelibreki bila kompyuta, ikamsakinishia mtu wasifu (faili la mipangilio) kwenye simu, halafu ikamzungusha kwenye matangazo hadi kumtaka apakue mchezo wa kamari. Ilidai kuzihudumia hata simu za chipu ya A13. Aliyesoma tangazo la checkm8 angejua hapo hapo kuwa ni uongo, kwa kuwa kasoro inaishia A11. Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, jua kwanza chipu ya simu yako na toleo la iOS, kisha uliza zana hiyo inatumia kasoro gani. Ukiambiwa inafanya kazi kwa simu zote na matoleo yote, ondoka.

palera1n ina sharti ambalo nataka kulikazia, maana ni alpine nyingine inayongoja mwaka wake. Kwa simu za A11, ambazo ni iPhone 8, 8 Plus na X, ni lazima uondoe namba ya siri ya kufungulia simu, ukae bila hiyo muda wote jelibreki inapotumika, na Face ID au alama ya kidole inakwenda nayo. Kwenye iOS 16 ni kali zaidi: kama namba ya siri iliwahi kuwekwa tangu simu irejeshwe upya, inabidi simu ifutwe yote kwanza. Watengenezaji wamelisema wazi. Mafundi ndio wanaolimeza. Mteja anapewa simu, anaambiwa tayari, na hajui kwamba kuanzia saa hiyo yeyote atakayeiokota daladalani ataifungua kwa kidole kimoja. Kwa mtu ambaye iPhone X ndiyo simu yake pekee, yenye barua pepe, picha za watoto na mawasiliano ya kazini, mimi humkatalia kazi hiyo. Simu ya pili, ya kujifunzia, haina neno.

Kuhusu pesa: programu nyingi za benki huchunguza kama simu imevunjwa, zikikuta hivyo hukataa kufunguka. Wapo wanaosakinisha nyongeza za kuificha jelibreki ili benki ikubali. Usifanye. Ukikumbuka wale wateja wa ING utaona kwamba benki hapo inakutetea. M-Pesa ya *150*00# hupita kwenye laini na itaendelea kufanya kazi, lakini ujumbe wa miamala unaingia kwenye simu ileile, na root anausoma.

Na yule anayetaka jelibreki ili apate programu za kulipia bila kulipa, asome habari za KeyRaider ya Agosti 2015. Watafiti wa Palo Alto Networks wakishirikiana na kikundi cha WeipTech cha China walikuta akaunti za Apple zaidi ya 225,000 zimeibwa kutoka kwenye simu zilizovunjwa. Mtego ulikuwa ndani ya nyongeza zilizosambazwa kupitia hazina za Cydia, yaani vyanzo ambako Cydia huchukua programu, nyingine zikiahidi vitu vya bure, na akaunti zilizoibwa zilitumiwa kuwalipia wengine hivyo "vya bure". Hazina usiyoijua mwenyewe, usiiongeze.

Neno la haraka kuhusu mambo yanayochanganywa. Jelibreki haiondoi kihalali kufuli la iCloud, lile linaloifunga simu kwa akaunti ya Apple ya mwenyewe, na simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine mara nyingi ina mwenyewe anayeilia. Kubadilisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ni jambo jingine kabisa, na Tanzania ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta (EPOCA) ya mwaka 2010. Anayekuja na maombi hayo asijifiche nyuma ya neno jelibreki.

Zana mpya zimejifunza. palera1n inakutaka uweke nenosiri lako unapoanza, na akaunti ya root inakuwa imefungwa. checkra1n haikufanya hivyo. Simu nyingi zilizopitia kwake bado zina alpine hadi leo. Kijana mmoja aliniletea iPhone 6s yenye iOS 14, imefanyiwa kazi na fundi mwingine, akitaka nimwondolee nyongeza inayomaliza betri. Cydia ipo, OpenSSH ipo. Nikaunganisha simu na kompyuta yangu kwa Wi-Fi ya ofisini, nikaandika root, nikaandika alpine. Ikafunguka. Nikamwonyesha kwenye kompyuta orodha ya picha zake, majina ya faili tu, bila kufungua hata moja. Alinyamaza.

"Kaka, na yeyote aliye kwenye Wi-Fi hii anaweza hivyo?"

"Anaweza, mdogo wangu. Kaa hapa, uandike mwenyewe, mimi natazama pembeni."

Akaandika herufi tatu nne, akasimama. "Mbona haiandiki?"

"Inaandika. Endelea. Ukimaliza hiyo kuna ya mobile."